Nyuzi Mia za Fundi Lifti

"Unamvunja mwanangu!"

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, kopo la maji mkononi, macho yamemtoka pima. Kitandani mwanawe amelala chali, goti la kulia juu, uso umekunjamana. Mkewe amepiga magoti pembeni yake juu ya godoro. Kiganja kimoja amekibana kwenye mfupa wa kiuno wa mumewe, ule unaochomoza kwa mbele, na kwa mkono wa pili analisukuma paja taratibu kuelekea kifuani.

"Simvunji, mama. Ndivyo tulivyofundishwa hospitali."

"Hospitali wanafundisha mtu kumkandamiza mumewe kama anafunga sanduku la nguo?"

"Mama, tuache kidogo," mume alisema, meno yameumana.

"Nawaacha. Nyinyi si ndio wasomi? Mimi nilizaa tu."

Akaondoka akiburuta malapa, na njia nzima mpaka uani alisikika akimweleza mtu asiyekuwepo jinsi wakwe wa siku hizi walivyo.   Mama wa watu alikuwa na uchungu wa mwanawe, na uchungu ukikosa pa kutokea hutokea kwa mkwe. Mke alihesabu polepole, akalishusha paja, akapangusa jasho lake kwanza, kisha la mumewe.

Mtaani walimwita mumewe Fundi Lifti, na jina hilo alilivaa kwa maringo. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye mashimo ya lifti za maghorofa, kupaka grisi kamba za chuma, kubadilisha vyuma vilivyochoka, kuwatoa watu waliokwama. Siku moja ngazi iliteleza akiwa shimoni. Mfupa wa paja ukavunjika palepale unapoingia kwenye nyonga. Madaktari wakautia skrubu, mfupa ukaunga vizuri, kila mtu akasema hongera. Lakini nyonga ikagoma. Ilikuwa ngumu kama bawaba iliyopigwa na mvua, goti halipandi.

Kampuni nayo haikuwa na mengi. Ijumaa aende zahanati ya kampuni apimwe. Nyonga ikikunja pembe ya nyuzi mia, Jumatatu arudi kazini. Isipokunja, nafasi anapewa kijana ambaye tayari alikuwa akivaa ovaroli yake. Kwa nini mia? Kwa sababu lifti ikikwama kati ya ghorofa na ghorofa, fundi aliye juu ya paa lake lazima ainue mguu mpaka sakafu ya juu, ajivute, atoke peke yake. Hakuna wa kumbeba. Asiyeweza kutoka hana ruhusa ya kuingia.

Tangu aanguke, nyumba ilikuwa ikiegemea duka la kutoa kopi, alikofanya kazi mkewe. Alisimama mbele ya mashine ile kutwa nzima, karatasi za watu zikitoka za moto, na mwenye duka alikuwa na tabia ya kumtazama kila alipoomba ruhusa ya kwenda hospitali. Hakusema hapana. Alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye, kisha saa tena. Ukishatazamwa hivyo mara kadhaa, ruhusa yenyewe inakuwa adhabu.

Basi Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba.

&nbsp;

Sasa, fundi ni fundi. Kabla ya mazoezi yale ya kitandani, huyu bwana hakuwa tayari kuambiwa habari za pembe na mtu yeyote. Alikuwa na kipimo chake cha kazi, vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa skrubu, kina alama za nyuzi, ambacho alikipenda kuliko viatu vyake. Kila asubuhi, mkewe akishaondoka, alijilaza, akavuta goti kwa mikono yote miwili, akaweka kipande kimoja sambamba na godoro, kingine juu ya paja, akasoma.

"Mia na mbili!" alimtangazia mama yake siku moja kabla ya kwenda hospitali. "Mia na mbili, mama!"

"Si nilisema!" Mama akapiga vigelegele palepale uani, majirani wakachungulia. "Na yule mama anayekupima hospitali anasema sabini. Anakuchukia tu yule. Kuna watu hawapendi kuona mwenzao anainuka."

Mke aliporudi jioni alikuta nyumba ina sherehe isiyo na chakula. Mumewe akamwonyesha. Akavuta goti, akapima, mia na mbili kweli. Mke akaona kwa macho yake mwenyewe. Akacheka, akakaa kitandani, akaushika mguu wa skrubu, akalibusu goti. Jamani, furaha ile! Hata chai ya jioni hiyo waliinywa wakitaniana, na mama mkwe akamwongezea mkwe wake sukari bila kuombwa.

&nbsp;

Mama wa viungo, kama wagonjwa walivyomwita mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, alikuwa mwanamke mpana, mwenye viatu vya raba na sauti ya kuamsha wodi. Alimtazama Fundi akitoa kipimo chake mfukoni, akaweka mikono kiunoni.

"Leo umekuja na vifaa vyako, fundi?"

"Nimekuja kusahihisha vyako."

"Haa! Haya, panda. Vua suruali, baki na kaptula."

Akapanda kwa shida, akajilaza kwenye kitanda chembamba cha ngozi. Akavuta goti. Akaweka chuma chake. "Soma mwenyewe."

Mama wa viungo akainama, akasoma. "Mia na moja. Safi. Sasa tupime nyonga."

"Si ndiyo hiyo?"

"Hiyo sijui ni nini." Akachukua kipimo chake, rula ya plastiki yenye mikono miwili na duara katikati. Akapapasa ubavuni mwa nyonga mpaka akaupata mfupa, akaweka duara hapo. Mkono mmoja wa rula akaulaza kufuata ubavu, wa pili kufuata paja. Kisha akamwita mke. "Mama, njoo. Ingiza kiganja chako hapa chini ya kiuno chake. Kuna nafasi?"

"Ipo kidogo."

"Fundi, vuta goti."

Fundi akavuta. Mke akahisi mgongo wa mumewe unashuka, unambana vidole, kisha makalio yanaanza kujikunja na kuachana na kitanda. Na mguu wa kushoto, uliotakiwa kulala, nao ukapaa hewani wenyewe.

"Huo wa kushoto nani kautuma?" mama wa viungo aliuliza.

Fundi akaushusha haraka.

"Fundi, wewe ukitaka kujua lifti imepanda kiasi gani, unapima kutoka wapi?"

"Kutoka sakafuni. Swali gani hilo?"

"Na sakafu ikiwa inapanda pamoja na lifti?"

Mke aliona shingo ya mumewe ikibadilika rangi.

"Godoro halitembei, hilo kweli. Lakini nyonga haijafungwa kwenye godoro, imefungwa kwenye kiuno, na kiuno chako kinageuka. Nyonga ikichoka, mgongo unaisaidia. Umepima nyonga na mgongo kwa pamoja, ukajipa hongera." Akaubana mfupa wa kiuno kwa kiganja, akamwambia mke aukandamize mguu wa kushoto, akalisukuma paja. Lilikwenda, likakwama. "Sabini na nne. Wiki iliyopita ilikuwa sabini. Unaendelea vizuri kabisa, ila mia bado. Kwa hesabu yangu, labda miezi miwili mitatu mingine."

"Kampuni inasema Ijumaa."

Mama wa viungo akaacha utani. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama kama anavyotazama ndugu. "Hilo siwezi kulisukuma kwa mkono, fundi. Pole sana."

Alimfundisha mke kila kitu siku hiyo: wapi pa kuweka kiganja, jinsi mfupa unavyoanza kugeuka chini yake. Ukigeuka tu, simama. Hapo ndipo nyonga inapoishia. Kinachofuata ni mgongo unadanganya.

&nbsp;

Na kila kitu alichofundishwa mke, mume naye alikisikia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwanzoni alijitesa kweli. Asubuhi na jioni walifanya mazoezi, mama mkwe akipiga kelele mlangoni, paja likisogea kidogo sana. Kisha jioni ya Jumatano, mke akiwa ameinama anaosha vyombo, mumewe akaja na mkongojo wake akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Daktari wa kampuni ni wa homa na mafua," alisema. "Mambo ya kushika kiuno hayajui."

Mke aliendelea kusugua sufuria.

"Nikivuta mwenyewe, haraka, kabla hajanishika. Shati nililegeze lifunike hapa. Anapata mia."

"Na ukiwa juu ya lifti?"

"Nikiwa juu ya lifti nitajua mwenyewe."

"Na Kimya je?"

Kimya alikuwa mwenzake wa kazi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Walifanya kazi wawili siku zote. Kimya hushuka chini kabisa shimoni, chini ya lifti. Fundi hukaa juu ya paa lake na swichi mkononi. Swichi ikigoma, aliye juu lazima atoke mbio akazime umeme kwenye chumba cha mashine, kabla lifti haijamshukia aliye chini. Mke aliyajua hayo kwa sababu mumewe mwenyewe alikuwa akimsimulia kwa majivuno: maisha ya Kimya yako kwenye miguu yangu.

"Swichi haijawahi kugoma," mume alisema.

"Baba watoto."

"Unataka nini? Unataka niendelee kukaa kwenye ndoo hii nikikutazama unaosha vyombo? Unadhani siwaoni wanaonipita mtaani? Jana muuza maji amenisaidia kuvuka mtaro. Amenishika mkono kama bibi yake. Mimi!" Akaigonga ndoo kwa kiganja. "Nakuomba kitu kimoja tu. Utanyamaza?"

Mke akalitazama povu. Akauona uso wa mwenye duka ukigeukia saa. Akamwona na mumewe, mwanamume aliyezoea kupanda, amekaa chini ya kimo cha mkewe. Moyo ulimuuma mpaka akashindwa kuinua kichwa.

"Nitanyamaza," alisema.

&nbsp;

Ijumaa, daktari wa kampuni alikuwa na simu begani, ameibana kwa shavu, na mtu wa upande wa pili alikuwa akimweleza habari za gari lililoharibika. "Lala hapo," alisema kwa mkono. Fundi alilala. Shati lilikuwa kubwa, alivyopanga. "Inua."

Akavuta goti. Loo, alivuta! Kiuno kikageuka kama bakuli lililopinduliwa, mguu wa kushoto ukapaa, na daktari akashika kipimo hewani, mbali na mwili, jicho moja kwenye dirisha.

"Mia na tano," alisema. "Sio wewe, nazungumza na mgonjwa. Mia na tano, safi. Vaa."

Mke alisimama ukutani, mkoba kifuani. Aliuona mguu ule wa kushoto hewani. Alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi! Alijiona akimwambia mwenye duka kwamba hataomba ruhusa tena. Na chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kibaya, na alikimeza kwa sababu aliahidi.

Nje, getini, Kimya alikuwa akiwangoja. Alipoona uso wa rafiki yake hakuuliza, alimrukia.

"Nilijua! Nilijua! Shemeji, si nilikwambia huyu ni chuma? Bwana, umeniokoa. Kile kijana walichoniletea, we acha. Anashika swichi huku anachezea simu! Nimewaambia mabosi, mimi shimoni sishuki na huyo, namngoja mtu wangu. Wiki zote hizi nimeng'ang'ania, wamenikasirikia, nikasema fukuzeni basi. Jumatatu tunaanza jengo la benki, ghorofa kumi na moja, kamba zote mpya. Mimi chini, wewe juu. Mke wangu atalala usingizi sasa, maana tangu uanguke—"

"Hajafika mia," mke alisema.

Hakujua ametamka mpaka aliposikia. Kimya alimwachia rafiki yake taratibu.

"Amepimwa vibaya. Nyonga ni sabini na kitu. Nyuzi zilizobaki ni za mgongo."

"Wewe mwanamke!" Mume aligeuka, mkongojo ukagonga lami. "Umeniahidi! Umesimama mbele yangu ukaniahidi!"

"Nimekuahidi." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nisamehe. Lakini anashuka chini ya lifti, baba watoto. Ana mke. Ananiita shemeji."

Watu waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Mlinzi wa geti akatoka kibandani kutazama vizuri. Fundi aliangalia huku na huku, akitafuta mahali pa kuficha uso asipapate.

"Usimsikilize," alimwambia Kimya. "Anaogopa tu. Karatasi ninayo. Mia na tano!"

Kimya hakuitazama karatasi. Kando ya geti kulikuwa na jukwaa la saruji la kupakulia mizigo, kimo chake kiunoni mwa mtu. "Panda hapo," alisema kwa upole. "Kama unatoka kwenye lifti iliyokwama. Panda tu, ndugu yangu, tuondoke zetu."

Fundi akatupa mkongojo. Akaweka viganja juu ya saruji, akainua mguu wa kulia. Ukapanda, ukakwama. Akainama mbele, akajaribu kuudanganya kwa mgongo, haukufika. Akaushika kwa suruali, kwa ngumi, akauvuta juu kama mtu anayevuta gunia. Unyayo uligusa ukingo, ukateleza, ukarudi chini. Akajaribu tena. Hakuna aliyecheka, hata mlinzi. Mara ya tatu hakujaribu. Aliegemeza paji la uso kwenye saruji, mabega yakaanza kutikisika, na mkewe hakuthubutu kumgusa.

Kimya aliokota mkongojo, akampa. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusema.

"Rudi kazini," Fundi alimwambia hatimaye, bila kugeuka. "Yule kijana mnyang'anye simu kabla hujashuka. Umesikia? Mnyang'anye."

Kisha akamwambia mkewe, "Twende ndani."

&nbsp;

Daktari wa kampuni hakupenda. "Kwani mmekuja kunifundisha kazi? Mama, wewe ni daktari?"

"Hapana," mke alisema. "Natoa kopi."

"Mwache anishike kiuno," Fundi alisema kutoka kitandani. Alikuwa amevua shati kabisa. "Mwache anishike, halafu upime."

Kipimo kilisoma sabini na tisa. Daktari akakata mia na tano kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akapiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hafai kwa sasa. Ofisini waliambiwa kwamba nafasi haiwezi kungoja, ila akipona anakaribishwa kuomba upya kama waombaji wengine. Karani aliyewaambia alikuwa mwungwana, aliwapa viti. Unga ukawa umemwagika hivyo, watu wamekaa.

Wakaondoka kuelekea nyumbani. Mke alitembea nyuma kidogo, akijiambia kwamba hatasamehewa, na kwamba huenda hastahili. Mtu aliyekuwa akimtegemea amemvua nguo mbele ya geti. Mumewe alikuwa na haki ya kumnunia mpaka mwisho wa dunia.

Mama mkwe alikuwa amefagia uwanja mzima na kuvaa gauni lake la kutokea. Alisimama mlangoni amejaa tabasamu.

"Haya! Jumatatu saa ngapi?"

"Hakuna Jumatatu, mama," Fundi alisema. "Nimeshindwa kipimo."

"Umeshindwaje? Si ulikuwa unapata mia hapahapa kitandani?"

"Mara ya kwanza nimepata mia na tano. Wakapima mara ya pili, nikashindwa."

Tabasamu likaondoka. Mama mkwe akamtazama mwanawe, kisha macho yakahama taratibu mpaka kwa mkwe wake, yakatulia hapo.

"Mara ya pili? Mtu amepata mia na tano, mara ya pili ya nini? Nani aliyemwambia daktari apime tena? Semeni. Nani mwenye roho hiyo?"

Mke alifungua mdomo. Alikuwa tayari, kabisa.

"Mimi," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyesema apime tena."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Nilikuwa nawadanganya. Nikaona aibu, nikarudi."

Mama mkwe alikaa kizingitini kwa uzito, gauni la kutokea na yote.  "Mjinga kama baba yako," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa na hasira. Kisha akainua macho kwa mkwe aliyekuwa bado amesimama juani na mkoba kifuani. "Na wewe maskini ya Mungu, pole. Sikujua umeolewa na mtu wa namna hii. Njoo ukae, mwanangu. Umetoka mbali."

Mwanangu! Tangu aolewe hajaitwa hivyo na mdomo ule. Neno lilimchoma. Alimtazama mumewe, akitaka kusema ukweli, akitaka angalau ruhusa ya kuusema. Fundi alitikisa kichwa, mara moja, kidogo sana, kisha akapita ndani akijikongoja.

Mke akaketi kizingitini karibu na mama mkwe. Mama akasogea ili apate nafasi, akamshika mkono.